Mjadala juu ya Saa za Mashine

Katika ufuo wa Nungwi, kaskazini mwa Unguja, ambako mafundi wa majahazi wangali wakichonga mbao kwa tezo na boti za faiba za wapiga mbizi zikilala nangani mbele yao, hakuna swali linalotangulia boti inapotajwa kuwa inauzwa kuliko hili: mashine yake imetembea saa ngapi? Mnunuzi huliuliza kabla hajaigusa boti, dalali hulijibu kabla hajaulizwa, na bei hupanda au hushuka kwa tarakimu chache zinazosomeka katika kioo kidogo cha mita, ilhali ni wachache mno wanaosimama kuuliza tarakimu hizo zinashuhudia nini na zinanyamazia nini.

Mimi naliona jambo hili kuwa zito. Mashine ya boti haizimiki barabarani, mahali ambapo dereva aweza kushuka akatembea kwa miguu. Huzimika katika mkondo, baina ya kisiwa na kisiwa, na wakati wa Kusi bahari haimpi nahodha nafasi ya kujuta kwamba alimwamini dalali. Kwa hiyo nimeziweka hapa sauti tatu zihojiane, nami nimezipa majina ya kazi zao tu. Wa kwanza ni Nahodha, mzee aliyeanza na tanga na akaishia na mashine. Wa pili ni Fundi, kijana aliyesomea mashine za kupachika tezini na anayetembea na kompyuta yake mkobani. Na wa tatu ni Mnunuzi, mwanamke mfanyabiashara wa samaki wa Mkokotoni, ambaye, kwa kuwa ndiye atakayebeba hasara ikitokea, nimempa haki ya kuuliza kwanza na kukata shauri mwisho.

Mbele yao ziko boti mbili za faiba za futi 26, kila moja na mashine mbili za petroli za mipigo minne, nguvu ya farasi 100 kila mashine. Ya kwanza ina umri wa miaka tisa, ilikuwa boti ya starehe, na mita yake inasoma saa 640. Ya pili ina umri wa miaka mitano, kazi yake ilikuwa kupeleka wapiga mbizi Mnemba, na mita yake inasoma saa 2,900. Mwenye boti ya kwanza anataka bei kubwa zaidi, wala hataji sababu nyingine ila tarakimu zile.

MNUNUZI: Nianze mimi, kwa kuwa fedha ni zangu. Sina elimu ya mashine, lakini hesabu ninaijua, maana nimeuza samaki tangu usichana wangu. Hii ina saa 640, ile ina saa 2,900. Maana yake ile imekwisha fanya kazi mara nne na nusu ya hii. Kama mashine ina uhai wenye kikomo, basi mwenye hii ananiuzia uhai mwingi uliosalia, na mwenye ile ananiuzia mabaki. Nambieni, nina kosa gani nikimpa wa kwanza bei anayoitaka?

FUNDI: Huna kosa, mama, katika kuanza na saa, wala simwungi mkono mtu anayezidharau. Waundaji wenyewe wamekiandika kitabu cha matunzo kwa saa: mashine mpya humwagwa oili yake ya kwanza baada ya saa 20, kisha kila saa 100 au kila mwaka, lolote litakalotangulia, impela ya pampu ya maji nayo ina zamu yake, na katika mashine nyingi za Yamaha za mipigo minne zenye mkanda wa taimingi, mkanda hubadilishwa zikifika saa 1,000 au miaka mitano. Asiyejua saa hajui lipi lilistahili kufanywa na lipi linamngoja. Tena tarakimu hizi zote mbili hazipingani na akili. Boti ya starehe aghalabu huenda baina ya saa 50 na 100 kwa mwaka. Gawa 640 kwa miaka tisa, utapata 71. Boti ya biashara ikienda saa nne kwa siku, siku 250 kwa mwaka, hutimiza saa 1,000. Gawa 2,900 kwa miaka mitano, utapata 580, nayo ni kazi ya wastani. Mpaka hapa sioni ila katika maneno ya muuzaji yeyote, na mimi mwenyewe naielekea hii ya saa chache.

NAHODHA: Nimemsikiliza mwanangu Fundi, na kitabu chake nakiheshimu, lakini namwuliza: saa ya nini? Saa moja ya mashine inayonguruma taratibu nangani, mizunguko 700 kwa dakika, ni mizunguko 42,000. Saa moja ya mashine iliyofunguliwa mpaka 5,000 kwa dakika, boti imejaa watu na mitungi ya hewa na Kusi inaipiga omo, ni mizunguko 300,000. Mita huandika moja kwa hii na moja kwa ile. Mvuvi anayekokota mshipi polepole asubuhi nzima, na mchukuzi wa abiria anayekimbizana na maji kupwa, huandikiwa saa sawasawa, na pistoni zao hazikuchoka sawasawa hata kidogo.

Hiyo ni hoja moja. Nyingine ni chumvi. Mashine hizi hupozwa na maji ya bahari yenyewe, yanayovutwa na pampu, yakazungushwa kandokando ya silinda, yakatoka. Mashine ikizimwa, maji yaliyobaki ndani hukauka na chumvi hukaa. Siku za mwanzo ni unga mwembamba tu, na baada ya misimu ni ukoko unaoziba njia za maji, mpaka siku moja mashine ikachemka katikati ya safari na mwenyewe akamlaumu fundi. Mwenye desturi ya kuiosha ndani kwa maji matamu kila jioni, na mwenye kuiacha mguu wake umezama baharini mwezi baada ya mwezi, hawalinganishiki kwa mita, kwa kuwa uharibifu huu hutendeka mashine ikiwa imezimwa na mita imelala.

Tena kuna jambo linalonitia hofu kuliko yote juu ya hii ya saa 640, nalo ni uvivu. Mashine isiyotumika haipumziki. Petroli huchacha ndani ya tangi na kuacha gundi katika vitundu vya mafuta. Sili za mpira hukauka zikapasuka. Impela iliyokaa mkao mmoja miezi sita hupinda mabawa yake na kubaki hivyo. Ringi hushikana kwa kutu na kuta za silinda. Boti inayokwenda Mnemba kila siku hupata petroli mbichi, hupata oili mbichi, na zaidi ya hayo hupata jicho la nahodha kila asubuhi kabla ya wageni kupanda, nalo ndilo matunzo ambayo hayaandikwi kitabuni. Mimi nikiambiwa nichague baina ya mashine iliyofanya kazi na kutunzwa na mashine iliyolala bila mtu kuijali, sitauliza saa.

FUNDI: Ami, hoja ya chumvi na ya uvivu nazikubali, na laiti wanunuzi wote wangezisikia. Lakini usinifunge katika mita ya kioo. Mashine hizi za mipigo minne za siku hizi zina kompyuta chini ya kofia, na fundi mwenye waya na programu ya muundaji huweza kuiuliza imetembea saa ngapi katika kila daraja la mizunguko: ngapi chini ya 1,000, ngapi baina ya 4,000 na 5,000, na kama joto limepata kupita kiasi. Swali lako, saa ya nini, lina jibu, na jibu limehifadhiwa mahali ambapo tambara na sabuni ya dalali havifiki.

NAHODHA: Limehifadhiwa kwa hizi mbili. Je, kwa vyombo vilivyo vingi vya pwani yetu? Nenda Kilindoni katika Mafia, nenda Kipumbwi, nenda Shela ya Lamu, utakuta mashine ya 15 na mashine ya 40, za mipigo miwili, za kuchanganyiwa oili katika petroli, zinazoshikwa mkono wa usukani na kuwashwa kwa kamba. Hazina mita wala kompyuta, na kila siku zinauzwa na kununuliwa. Saa zake utazisoma wapi?

FUNDI: Hapo kitabu changu kimefika mwisho, ami. Nieleze wewe.

NAHODHA: Utazisoma katika madumu. Mashine ya 40 ya mipigo miwili iliyofunguliwa yote hunywa baina ya lita 15 na 20 kwa saa; basi dumu la lita 20 ni saa moja au saa moja na kidogo ya mwendo mkali, na ni zaidi kama mwendo ni wa taratibu. Usimwulize muuzaji mashine imetembea saa ngapi, maana hajui, na ataona haya kukwambia kwamba hajui, kwa hiyo atakutajia namba ya kukupendeza. Mwulize hununua madumu mangapi kwa juma na kutoka kwa nani, kisha nenda kaketi na huyo anayemwuzia. Madumu kumi kwa juma, majuma 40 kwa mwaka, ni madumu 400, nayo ni lita 8,000; hizo ni saa zisizopungua 400 kwa mwaka, na kama ni mtu wa mwendo wa taratibu, huenda zikawa maradufu. Zidisha kwa miaka, umekwisha pata mita ambayo hakuna aliyeifunga wala awezaye kuifungua.

Tena usiondoke kwa muuza mafuta kabla hujauliza juu ya oili. Kwa kipimo cha petroli 50 kwa oili 1, dumu la lita 20 hutaka mililita 400 za oili, basi madumu kumi hutaka lita nne. Ukisikia kwamba mtu huyo huchukua madumu kumi na lita mbili tu za oili, umekwisha jua kwamba mashine ile imekuwa ikilishwa nusu ya haki yake, na saa 400 zake ni nzito kuliko saa 1,000 za mtu mwaminifu.

Hapa naomba ruhusa ya kuingia katikati ya mazungumzo yao, kwa sababu hoja hii ya madumu naiona kuwa bora kuliko zote zilizotangulia. Mita na kompyuta zote mbili zimo ndani ya kitu kinachouzwa, na mwenye kitu ndiye mlinzi wake mpaka siku ya mauzo. Lakini muuza mafuta yuko nje ya biashara ile, hana faida boti ikiuzwa wala hasara isipouzwa, na anachokikumbuka amekikumbuka kwa sababu ya kipato chake mwenyewe. Ndiyo maana neno lake lina uzito. Naongeza kwamba hoja hii yafaa hata kwa boti zenye mita, maana mtu aliyesema ametembea saa 71 kwa mwaka hawezi kuwa mteja wa kila siku wa petroli. Baada ya hayo namrudishia Mnunuzi nafasi yake.

MNUNUZI: Nimewaelewa nyote wawili, na sasa naona kwamba namba niliyoishika kwa mikono miwili ni nusu ya habari. Lakini kuna jambo mmelizunguka. Je, ile mita yenyewe yaweza kusema uwongo? Maana namba pungufu nitaivumilia, ila namba ya ghushi sitaivumilia.

FUNDI: Yaweza, mama, na aghalabu husema uwongo pasipo mtu kukusudia. Dashibodi ikiingia maji ya chumvi, mita hufa. Mwenyewe hununua mpya, na mpya huanza na sifuri hata kama mashine ina saa 2,000. Mita nyingine zimeungwa na swichi, si na mashine, kwa hiyo ufunguo ukiachwa umewashwa boti imelala nangani usiku kucha, mita huhesabu na mashine haikuzunguka hata mara moja. Huo ni uwongo wa kumdhulumu muuzaji. Na katika majahazi yaliyofungwa mashine za dizeli zilizotolewa katika malori, mita kama ipo huhesabu maisha ya baharini tu, na maelfu ya kilometa yaliyotangulia barabarani hayana wa kuyasema.

NAHODHA: Ndipo jicho lifanye kazi yake. Saa 640 hazilainishi mpira wa wenzo wa gia mpaka mistari yake ikafutika. Nimeushika ule wa boti ya kwanza, umekuwa laini kabisa. Hazili ncha ya mguu wa mashine chini ya rafadha, kwa sababu ncha ile huliwa na mchanga, na mchanga hukutana na mashine pale tu boti inapoingia na kutoka pwani mara nyingi. Ncha za mashine zile zote mbili zimeliwa. Na nimeona jambo moja zaidi: skrubu nne zinazoshika bamba la mita zinang'aa, katikati ya skrubu nyingine zilizoota kutu. Simtuhumu mtu. Nasema tu kwamba bamba lile na boti ile hawakuzaliwa mwaka mmoja.

FUNDI: Ami, jambo hilo la skrubu mimi sikuliona, na nilisimama palepale. Basi kabla hatujaongeza neno, niachieni nizipime zote mbili.

Vipimo vyenyewe havina siri, na kila mnunuzi ana haki ya kuvidai. Fundi alifika alfajiri, bila kutoa habari, ili azikute mashine zikiwa baridi, kwa kuwa mashine iliyopashwa moto na muuzaji kabla ya mgeni kufika huficha shida yake ya kuwaka. Akaanza na mguu wa mashine: alilegeza skrubu ya chini ya gia pole pole, akangoja tone la kwanza, kwa sababu maji ni mazito kuliko oili, yakiwa yameingia kupitia sili mbovu hutua chini usiku kucha, na ndiyo yanayotangulia kutoka asubuhi. Kisha akaziwasha, akatazama uzi wa maji ya kupozea unavyotoka, akaziacha zipate moto, akazizima. Akatoa plagi zote, akafungua mlango wote wa hewa, akapima kompresheni ya kila silinda na kuziandika, kwa maana anachokitafuta si namba kubwa bali silinda zinazolingana, na tofauti ya zaidi ya sehemu moja katika kumi baina ya silinda ya juu na ya chini ni onyo. Mwisho akaunga waya wake na kuziuliza kompyuta.

FUNDI: Nisikilizeni kwa makini, maana habari hazikuegemea upande mmoja. Boti ya kwanza, ile ya saa 640: kompyuta za mashine zote mbili zinasema saa 1,870, na sehemu kubwa ya hizo ni ya mwendo mkali. Mashine ya kushoto imehifadhi kumbukumbu ya joto kupita kiasi. Kompresheni ya silinda tatu za mashine hiyo inalingana, na ya nne imepungua kwa sehemu mbili katika kumi. Juu ya mkanda wa taimingi hakuna karatasi wala mtu anayekumbuka. Oili ya gia ni safi pande zote mbili. Boti ya pili, ile ya saa 2,900: kompyuta na mita zinakubaliana. Silinda zote nane zinalingana. Daftari la mwenyewe linaonyesha oili kila saa 100, mkanda umebadilishwa saa 980 na tena saa 1,960. Ila mashine ya kulia ilitoa maji kabla ya oili nilipolegeza skrubu ya gia. Sili zake zimekwisha, na Mungu ndiye ajuaye meno ya gia yana hali gani mpaka tuyafungue. Nami nakiri mbele yenu kwamba maoni niliyoanza nayo hayawezi kusimama tena.

MNUNUZI: Basi huyu wa kwanza alikusudia kunila fedha zangu?

FUNDI: Nimemwuliza, mama. Amesema aliinunua boti miaka miwili iliyopita ikiwa na bamba lile lile, na ilisoma saa 500 na kitu. Huenda ni kweli. Huenda naye aliuziwa namba.

NAHODHA: Awe alijua au hakujua, sheria ya mauzo tuliyolelewa nayo haimwachi mnunuzi mikono mitupu. Muuzaji analazimika kuidhihirisha aibu ya bidhaa yake, na ikidhihirika aibu aliyoificha, mnunuzi ana khiyari ya kuirudisha. Lakini khiyari humfaa mwenye ushahidi. Kwa hiyo, mwanangu, siku utakayonunua boti yoyote, andikeni hati: namba ya kila mashine kama ilivyogongwa katika bamba lake, saa zilizosomwa katika mita, saa zilizosomwa katika kompyuta, tarehe, na sahihi za wawili wanaoshuhudia. Hati ya namna hiyo humfanya hata mwongo apime maneno yake.

MNUNUZI: Nitaiandika. Na shauri langu linaanza kuelekea boti ya saa 2,900, japokuwa moyo wangu bado unaiogopa namba ile.

NAHODHA: Mimi, kama unanitaka nasaha, nisingenunua hata moja. Ningetafuta boti nyepesi yenye mashine moja ya 40 ya mipigo miwili, ambayo ikizimika mbele ya Tumbatu kijana wa kijijini huifungua kwa spana tatu na kuiwasha. Hizi za kompyuta zikigoma zinataka mtu wa mjini, zinataka waya wake, na wakati anatafutwa samaki wako wanaoza. Nami sisemi hivi kwa mapenzi ya ukale. Nimewahi kukaa juu ya maji usiku kucha nikisubiri, na najua thamani ya mashine inayotengenezeka kwa kilichopo.

FUNDI: Maneno yako ni ya haki, ami, na kwa mvuvi anayetoka peke yake ningeyafuata. Lakini mama huyu anataka kubeba barafu na samaki kila siku ya soko. Mashine ya mipigo miwili huchoma petroli nyingi zaidi kwa kazi ileile, na oili juu yake, na wewe mwenyewe umetufundisha kuhesabu madumu. Mzidishie kwa mwaka mzima, uone ni nani atakayekula faida yake.

NAHODHA: Nimeihesabu. Bado nasema hivyo hivyo.

Hawakukubaliana, na sioni sababu ya kuwakubalisha kwa nguvu, kwa kuwa mmoja anahesabu gharama ya siku za salama na mwingine anahesabu gharama ya siku moja ya shari, na mnunuzi mwenye akili lazima azihesabu zote mbili. Mnunuzi wetu alikata shauri lake namna hii.

MNUNUZI: Nitainunua ya saa 2,900, lakini si kwa bei iliyotajwa. Katika bei hiyo nitaondoa gharama ya kufungua gia ya kulia na kuweka sili mpya, na meno yakionekana yameliwa, nitaondoa na gharama ya meno. Nitaondoa pia gharama ya mikanda, kwa sababu daftari lenyewe linaniambia zamu yake ya tatu imekwisha karibia. Tena sitatoa hata senti kabla haijajaribiwa baharini ikiwa na mzigo: tutapakia masanduku ya barafu na watu sita, tutatoka Mkokotoni tuizunguke Tumbatu, na mashine zikifunguliwa zote zifike baina ya mizunguko 5,000 na 6,000 ambayo Fundi anasema ndiyo haki yake. Boti tupu hukimbia hata kama mashine imechoka. Na wewe, Nahodha, nakuomba usimame usukanini, kwa sababu wewe huipendi, nami nataka jicho la asiyeipenda.

NAHODHA: Nitasimama, mwanangu.

Jaribio lilipokwisha mashine zilikuwa zimefika mizunguko 5,400 zikiwa na mzigo wote, na bei ikaafikiwa. Hukumu yangu mimi ni kwamba Mnunuzi alihukumu sawa, na kwamba alihukumu sawa kwa sababu saa 2,900 alizozinunua zilikuwa na mtu aliyeziandika, hali saa 640 hazikuwa na mwenyewe. Kwa hiyo ombi langu nalielekeza kwa wenye boti wa leo, ambao ndio wauzaji wa kesho: nunueni daftari la kurasa 100 siku mashine inapofungwa, liwekeni ndani ya mfuko usioingia maji chini ya kiti cha nahodha, andikeni humo tarehe, saa za mita, lita za petroli, oili iliyobadilishwa na kila spea iliyowekwa pamoja na risiti yake, na kama mashine haina mita, andikeni madumu. Siku mtakapouza, mkabidhini mnunuzi daftari hilo pamoja na ufunguo, na mnunuzi asiyepewa daftari aipime bei yake kana kwamba mikanda, sili na impela zote zimekwisha muda wake.